Nyota Iliyobana Maziwa

Mjukuu wangu huangalia nyota saa tano asubuhi, jikoni kwangu, kompyuta ikiwa juu ya gunia la mahindi. Yeye yuko chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la pili, na nikimtaja sokoni simtaji kwa sauti ndogo.

Alinieleza polepole. Kuna nyota mbili zinazungukana. Moja ni kubwa. Nyingine upana wake hauzidi mwendo wa kutoka hapa Isiolo mpaka kijiji cha Leparua, lakini ni nzito kuliko jua, na inamnyonya mwenzake. Kile inachonyonya kinapata moto mpaka kinatoa eksirei, zile zile za hospitali. Hewa yetu inazizuia zisifike chini, kwa hivyo kuna chombo huko juu kinachozipokea, na mjukuu wangu anasoma mstari kwenye kompyuta, unaopanda eksirei zikija.

Likizo hii mstari ulikuwa umelala chini, mwaka wa pili sasa. Mwalimu wake alimwambia kufikia Ijumaa aamue: achukue nyota nyingine, au abaki na hii na pengine amalize masomo mikono mitupu.

"Akko," aliniambia, kama kwetu tunavyomwita nyanya, "nimechoka. Naiacha."

"Yule mkubwa amekauka?"

"Hapana, bado anatoa. Lakini kinachotoka kinamzunguka yule mdogo kwa nje kwanza, kinajaa, halafu siku moja kinaanguka chote pamoja. Siku gani, hakuna anayejua."

Nikaacha kuchambua maharagwe. Nikamwambia jambo ambalo hata babu yake sikumwambia. Nilipoolewa kule Sericho nilikuwa na ng'ombe mweusi. Ndama wake akafa, naye ng'ombe akabana maziwa. Kazi yangu ilikuwa kumwekea ngozi ya ndama, ainuse, nami ninyamaze ningoje. Mimi nilimchapa. Siku ya nne nikasema huyu amekwisha, akauzwa. Jirani aliyemnunua alimwekea ngozi, akangoja. Wiki hiyo hiyo nikawa nasikia maziwa yakigonga chombo chake, ng'ambo ya ua.

"Lakini Akko, nyota haina ndama."

"Kwani mimi ni mjinga? Sijasema itatoa. Nasema mimi sikungoja, na ile sauti bado naisikia."

Alicheka kidogo, akarudi kwenye mstari wake. Ijumaa alimwandikia mwalimu kwamba anabaki.

Mpaka leo nyota haijatoa. Akipiga simu namuuliza, naye ananiambia, "Bado, Akko." Lakini hasemi kama mtu anayetafuta mnunuzi.