Moyo wa Mtihani

Chuo kikuu kile kilipoanza hakikuwa na geti, sembuse jina la kujivunia. Kilianzia kwenye ghala la tumbaku katikati ya jiji, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari walikuwa wakipiga chafya kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mifupa walikuwa nayo, tena ya kuazima. Kilichokosekana ni mgonjwa wa kusomea: mwenye ugonjwa unaosikika wazi, asiyekufa mapema na asiye na haraka ya kupona.

Wakampata ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi viatu, kijana bado, akishinda kwenye kigoda chake na sindano mdomoni. Akipanda ngazi mbili tatu tu alihema kama mvukuto. Profesa, ambaye enzi hizo alikuwa daktari tu na nywele zake zote kichwani, alimpelekea kiatu kilichoachama, akasikia anavyohema, akamwomba afungue shati palepale kando ya barabara. Akamwekea stetoskopu kifuani, akafumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo.

"Fundi," akasema, "una moyo mzuri sana."

Fundi hakuwahi kuambiwa ana kitu kizuri. Ukweli ni kwamba mlango mmoja wa ndani ya moyo wake haukufunga barabara. Damu ilirudi nyuma kila pigo, na ikirudi ilivuma kwa sauti ambayo hata mwanafunzi mvivu angeisikia.

Tangu hapo akawa mgonjwa wa mtihani. Kila mwisho wa mwaka alilala nyuma ya pazia, shati wazi. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja wakitetemeka, wakambandika chuma cha baridi na kutaja wanachosikia. Aliyesikia alifaulu, asiyesikia alirudia mwaka. Kuna waliomnong'oneza, "Fundi, niokoe, nisikilize wapi?" Akimpenda mtu, alikohoa kidogo na kutupia jicho upande wa kwapa. Yule aliyeingia bila salamu alimwacha azame.

Chuo kikakua. Ghala likavunjwa, ikasimama maktaba ya ghorofa. Zikafuata maabara, mabweni, na watafiti wenye funguo zao shingoni. Mtaa wa mafundi ukabomolewa kupisha maegesho ya magari, na mafundi wenzake wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Yeye peke yake alipewa pembe chini ya ngazi za kitivo cha tiba, maana moyo wake ulihitajika karibu. Mvumo wake ukarekodiwa, ukasikilizishwa wageni kwenye ukumbi wa viti vyekundu. Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Mvumo, naye kichwa kikamvimba.

Mkewe, dobi aliyefua makoti meupe ya hospitali ya chuo, hakuvimba chochote.

"Mwalimu gani wewe," alimuuliza, "unafundisha umelala?"

"Wenzangu wanafundisha kwa chaki. Mimi nafundisha kwa kifua."

"Chaki ikiisha huletwa nyingine, baba watoto."

Mvi zikamwingia chini ya ngazi zile. Ndipo likajengwa jengo la upasuaji wa moyo, la vioo vitupu. Kabla halijafunguliwa, daktari mmoja mwanamke, kijana, aliyewahi kufaulu kwa kikohozi cha fundi, alishuka hadi kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari wangu. Kiatu kina nini?"

"Sikuja na kiatu. Inakuja timu ya wapasuaji, nimekuombea nafasi. Watautengeneza ule mlango, upande ngazi kama watu."

"Kwani unatengenezeka?"

Daktari alimtazama, asiamini. "Hukuambiwa? Wenye tatizo lako wanapelekwa nje ya nchi kupasuliwa tangu mimi niko mwaka wa kwanza. Profesa mwenyewe ndiye anayewachagua."

Fundi alivuta uzi mpaka ukakatika.

"Wale ni wagonjwa," alisema mwishowe. "Mimi niko upande wa masomo."

Hata hivyo alikubali. Mkewe alifua shuka mbili za kwenda nazo wodini, akaimba, jambo ambalo fundi alikuwa amelisahau.

Kisha profesa akashuka ngazi. Akachuchumaa mbele ya kigoda, magoti yakilia.

"Mwalimu," akaanza. Hakuwahi kumwita hivyo. "Wiki hiyohiyo ya upasuaji wanakuja wakaguzi. Wakiridhika, tunaruhusiwa kufundisha madaktari bingwa wa moyo. Ukishashonwa, ule mvumo unakufa. Niwasikilizishe nini, mvumo wa kwenye kanda?"

"Na upasuaji wangu?"

"Timu itarudi. Moyo uliovumilia miaka yote hii utashindwa kuvumilia kidogo?"

Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kimkae vizuri.

Nyumbani mkewe aliuliza jambo moja tu. "Alikuitaje?"

"Mwalimu."

"Nawe ukaitika."

"Nikaitika."

"Basi nenda kafundishe. Mimi nitajifunza ujane."

Nafasi yake alipewa binti muuza magazeti. Haukupita muda mrefu, fundi akamwona akivuka barabara mbio, magazeti kichwani, akimtukana dereva kwa pumzi zake zote.

Wakaguzi waliridhika. Walimpa profesa mkono na kumpigia makofi, fundi akiwa bado anatafuta vifungo vya shati.

Timu haikurudi upesi. Miguu ya fundi ikaanza kuvimba. Kulikuwa na fununu kwamba amepatikana mshona nguo, kijana, mwenye mvumo safi kuliko wake. Fundi akaogopa kuonekana ameharibika. Akajishonea viatu vipana, akavivaa na soksi nene, akawa analala ameketi na kumwambia mkewe kuwa ni joto. Mficha maradhi, kilio humfichua. Asubuhi moja alianguka kwenye ngazi akipeleka kiatu cha mhadhiri, na kiatu kikafika chini kabla yake.

Wapasuaji waliporudi, mkuu wao alitazama picha za moyo na kutikisa kichwa. Moyo ulikuwa umetanuka, umelegea kama mpira wa zamani. Wakiusimamisha ili wautengeneze, hautapiga tena. Yule daktari kijana alitoka nje, akageukia ukuta.

Profesa alibaki. Akaweka stetoskopu, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote.

"Niitieni darasa la mabingwa," akasema. "Sasa kuna sauti tatu, si moja."

"Tatu, profesa?" aliuliza fundi kwa pumzi ya kuokota.

"Tatu, mwalimu. Na maji kwenye mapafu, ukisikiliza mgongoni."

Na fundi, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Mkewe alipata habari akiwa kwenye beseni. Alifika wodini mikono ikichuruzika povu, akakuta kitanda kimezungukwa na makoti meupe. Katikati yao mumewe ameinamishwa mbele, mdomo wazi, akijaribu kubana pumzi kama alivyoagizwa.

"Nimekuja kumchukua mume wangu," alisema.

Hakuna aliyegeuka. Akasema tena, kwa sauti zaidi. Ndipo mwanafunzi mmoja, mwenye adabu kuliko wenzake, akamgusa bega.

"Samahani, mama. Sogea kidogo, unatuzibia mwanga."

Akasogea.