Pikapu Iliyosemekana Ina Marehemu

Baba mdogo alipotangaza kwamba pikapu yetu ina roho ya marehemu, alikuwa ameshampata mnunuzi. Mambo hayo mawili yalipatana vizuri sana.

Pikapu ilikuwa ya baba. Yeye na mama walipofariki, mimi kifungua mimba niliacha shule kidato cha pili, nikajifunza kuiendesha kwenye miteremko ya Kimulot. Tangu hapo ndiyo inayolisha wadogo zangu. Napeleka majani chai ya majirani kwenye kituo cha kuyapimia, narudi na mbolea. Ikiuzwa, tunalala njaa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Ikiingia kwenye shimo, inazima: injini, taa za dashibodi, kila kitu kimya, kama waumini wanapoulizwa nani atasafisha choo cha kanisa. Ukingoja kidogo, inawaka.

"Huyo ni ndugu yangu," baba mdogo alisema. "Hataki gari lake liendeshwe na msichana."

"Mbona anakasirika kwenye mashimo tu? Kwenye lami ananyamaza."

"Usicheze na wafu, wewe."

Akaleta akina mama wa maombi. Walikemea boneti, wakamwagia injini mafuta ya upako, nayo ikanukia chapati. Kesho yake ilizima kwenye shimo lile lile.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Gari likizima, taa kubwa za mbele hubaki zinawaka. Taa hizo, kwenye pikapu ile, hupata stima moja kwa moja kutoka kwa betri bila kupitia kwa ufunguo. Basi betri ilikuwa nzima. Stima ilikuwa inapotelea kwenye swichi ya ufunguo.

Nikafungua kifuniko chini ya usukani, nikachukua balbu ya indiketa yenye nyaya mbili. Waya mmoja niliugusisha kwenye bodi ya gari, wa pili kwenye waya unaotoka kwa swichi. Nikawasha ufunguo, balbu ikawaka. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa amekaa kando yangu.

"Tikisa funguo," nikamwambia.

Akashika kishada kizima. Baba alikuwa amening'iniza hapo funguo zote za boma: za geti, za stoo, za zizi, hata za kufuli zilizopotea. Alipokufa hakuna aliyethubutu kutoa hata mmoja. Kwetu vitu vya marehemu havitawanywi kabla wazee hawajakaa, na wazee walikuwa wamekaa kuhusu shamba na ng'ombe, wakasahau funguo.

Akatikisa. Balbu ikazima.

"Ameenda!" mdogo wangu akasema.

"Nani?"

"Marehemu." Akatikisa tena, ikawaka. "Huyo, amerudi!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Uzito wa vyuma vile ulikuwa umevuta swichi kila shimo, miaka yote, mpaka ikalegea. Nilitoa waya wa betri kwanza, nikafungua skrubu nyuma ya kitasa na kuchomoa swichi. Vidole vyake vya shaba vilikuwa vimeungua vyeusi. Nikaenda mjini Kapkatet, nikapata nyingine kama hiyo, nikaifunga. Kishada nilikitundika kwenye msumari jikoni bila kungoja kikao cha mtu. Kwenye gari ulibaki ufunguo mmoja.

Baba mdogo akaja na mnunuzi, mzee mwenye kofia aliyeahidiwa gari la bei ya kutupa. Nikawabeba pamoja na magunia ya majani na kupita mashimo yote, mengine kwa makusudi. Baba mdogo alishikilia mlango akimngoja ndugu yake. Injini haikukohoa.

Tulipofika kituoni alikuwa amebadilisha wimbo. "Umeona? Gari nzuri! Bei imepanda."

"Uliniambia ni bovu," mnunuzi akasema.

Wakaanza kubishania bei juu yangu, kana kwamba mimi ni gia. Nikazima gari, nikatumbukiza ufunguo ndani ya sidiria.

"Haiuzwi," nikasema.

"Nani amesema?"

"Mimi. Hii ndiyo inalisha wadogo zangu. Kama unataka, ingiza mkono uchukue ufunguo."

Akina mama waliokuwa wakipanga foleni ya kupima majani walicheka bila huruma. Mnunuzi akashuka, akaita bodaboda, akaenda.

"Na mimi nitarudije?" baba mdogo akauliza.

"Nitakupeleka. Lakini mbele nimeahidi kumbeba mama mwenye mtoto."

Akapanda nyuma, akakalia mbolea, akanitukana hadi nyumbani. Sikusikia vizuri; injini ilikuwa inanguruma.