Nesi wa Dirishani
Nesi wetu wa dirisha la methadoni hatulii. Mara anabonyeza kalamu, mara anasimama, mara anachungulia getini. Sisi tulioacha unga, yaani heroini, hupanga foleni saa moja asubuhi. Nesi humpa kila mtu kikombe cha dawa hiyo ya kutuliza arosto, humtazama kooni mpaka ameze, kisha husema kwa sauti yake kavu, "Haya, niambie." Lazima uongee, ajue hukuficha dawa mdomoni. Mimi humpa habari za mvua ya Nanyamba. Saumu humsalimia kwa Kimakonde, naye humjibu kwa Kisukuma, foleni nzima hucheka.

Chande wa Msimbati alikosa siku mbili. Zote mbili nesi alimwita wa kwanza, akangoja, akamwita tena. Jana akatokea. Daktari alimpima kwanza, ndipo akaruhusiwa kunywa.

"Haya, niambie."

"Nilivuta tena, sista. Nikaona aibu kuja."

Kalamu ikanyamaza. "Siku nyingine ukiona aibu," alisema, "njoo nayo."

Kisha akasimama, akachungulia getini. Saumu alikuwa bado hajafika.