Gauni Lisilo na Kiapo

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na katika ahadi zake zote za uongo hajawahi kumsahau Mungu. Chumba chake cha mbele kinatazama barabara. Mna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na rundo la vitambaa vya watu lililofika usawa wa dirisha. Mteja akiulizia nguo yake, Shangazi huinua mkono juu, tepu ikining'inia shingoni, na kusema, "Haki ya Mungu, Ijumaa unavaa!" Ijumaa ikifika, mteja huvaa ya zamani.

Mtaani walishamjua. Akisema tu "njoo Ijumaa," matumaini yapo. Akiapa, nguo itachelewa. Akiapa na kuinua mkono, ujue kitambaa bado hakijaonja mkasi. Na kumbe ni mtu wa sala huyu! Kanisani sauti yake huimeza kwaya nzima.

Nilipopata mchumba, nilisema gauni langu atashona yeye, maana ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Mchumba wangu alishika kichwa.

"Tukakodi dukani, tafadhali. Nataka kuoa bibi harusi, si kitambaa."

Nilimcheka, ila nilijua hakukosea. Nikamwendea Shangazi. Mkono ulikuwa umeshaanza kupanda.

"Haki ya Mu..."

"Shusha mkono, Shangazi!" nilimkatiza. "Mungu amechoka kuwekwa dhamana ya nguo za watu. Musa alipomuuliza jina lake, alijibu kwamba Yeye yupo. Yupo! Wewe kila siku unaapa kwa jina la Aliyepo, na nguo haipo."

Pini zilimdondoka mdomoni. Nilidhani nitachapwa rula. Badala yake alikaa kwenye stuli, akacheka mpaka machozi, halafu akayafuta kwa ncha ya tepu.

"Sasa mwanangu, nikikuahidi bila kumtaja, utaniaminije?"

"Sema tu ndiyo."

Alihangaika na neno hilo utadhani ni mfupa wa samaki. Mwishowe akalitoa, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ndiyo."

Wiki hiyo ilikuwa vituko vitupu. Sindano ikimchoma kidole, anafunika mdomo kwa kiganja na kuguna "mmh!" Uzi ukikatika, "mmh!" Kila nilipopita nje, cherehani ilikuwa mbioni. Nilichungulia dirishani nikamwuliza kulikoni.

"Umeninyang'anya mdhamini," alifoka, mguu haupumziki. "Sasa inabidi nishone!"

Siku ya harusi gauni lilikuwepo. Karibu lote. Nilisimama mlangoni mwa kanisa na shada mkononi, kinanda kimeshaanza, mchumba wangu kule mbele anarefusha shingo, na Shangazi amepiga magoti nyuma yangu anamalizia upindo. Kila mara niligeuka kuona amefika wapi.

"Tulia, nitakushona mpaka mguu!"

Akakata uzi kwa meno. Akainuka, akanitazama kuanzia shela hadi viatu, na jina alilolifungia mdomoni wiki nzima likamtoka taratibu.

"Mungu wangu."

Hakuwa anamwahidi mtu kitu. Alikuwa anamwita tu, kama mtu anavyomwita aliye chumba kimoja naye. Nilimpenda mno saa ile. Nikataka kulia, nikacheka, shela ikaniingia mdomoni.

Ndipo jirani mmoja wa benchi la nyuma akageuka, akanong'ona, "Fundi, na gauni langu je?"

Mkono wa Shangazi ukapanda, ukafika begani. Akautazama. Akaushusha.

"Sijalikata," akasema, kwa sauti yake ile ya kumeza kwaya.

Kinanda kikanyamaza. Na kutoka kule madhabahuni, mchungaji, ambaye suruali yake imo kwenye rundo lile tangu mwaka jana, akaitikia, "Amina!"