Nati ya Mashua ya Bwawani

Mama mkwe wangu alikulia Pangani, kando ya mto. Alipokuja kututembelea Lushoto, wiki nzima aliimaliza jikoni akiota moto kwa baridi ya milimani. Alitaka kitu kimoja tu: kupiga kasia kwenye bwawa la Mwingereza mwenye shamba la kahawa, ambaye mimi nilikuwa fundi wake. Bwana huyo aliniruhusu kuitumia mashua yake Jumapili. Jumatatu asubuhi mama angeshuka Mombo kwa lori.

Chuma kimoja cha kushikia kasia kilikuwa kimepinda, na sikuweza kukinyoosha bila kukifungua. Nati yake, iliyokuwa chini ya ukingo wa mashua, ilikuwa imeganda kwa kutu tangu mashua ilipokuwa Tanga. Niliilowesha mafuta ya taa kuanzia Ijumaa. Katika daftari langu la ufundi nilikuwa nimenakili: kushoto hufungua. Basi Jumapili baada ya ibada niliinama ndani ya mashua, iliyokuwa imevutwa nyasini kando ya bwawa, nikapitisha spana chini ya ukingo, nikavuta kushoto kwa nguvu zangu zote.

Kwetu Wasambaa mtu hasemezani ovyo na mama wa mkewe. Mama aliketi hatua tatu tu kutoka kwangu, akanipa ubavu, akazungumza na binti yake.

"Mwambie mumeo, akiendelea hivyo nati hiyo itabaki hapo mpaka kiama."

"Mwambie mama nimesoma," nikamwambia mke wangu. "Kushoto hufungua."

"Mwambie aliyeandika aliitazama nati usoni. Yeye anaitazama kisogoni. Anaikaza."

Mke wangu alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. "Mmesikiana, au nirudie?"

Nilishuka, nikalala chali kwenye nyasi, nikaitazama nati kutoka chini. Mama alikuwa sahihi: kutoka huku chini, kushoto kulikuwa upande wa pili. Niligeuza spana, nati ikalia kidogo, ikaachia. Chuma nikakinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, nikakirudisha mahali pake.

Ikabaki namna ya kukaa. Mpiga kasia huelekea nyuma ya mashua, kwa hiyo mke wangu alikaa huko, uso kwa uso na mama yake. Mimi nilijibanza mbele kabisa, mgongoni kwa mama, na heshima haikuvunjika.

Nilidhani atazunguka mara moja. Alizunguka mara nne, akiimba kwa sauti ya chini, makasia yasirushe hata tone. Kisha akamuuliza binti yake kama Alhamisi pia kuna lori la kushuka Mombo.