Programu mpya na makofi ya akina mama

Jamani, leo nusura niitupe kompyuta nje ya studio!

Wiki nzima nabadilisha programu za kurekodia. Hii nzito, ile siielewi. Jana nikapata moja inayonyoosha mapigo yenyewe, yote yaende sawasawa, nikajiona nimefika.

Asubuhi wakaja akina mama wa kwaya kutoka Muyama. Si mnawajua? Wimbo ukikolea, makofi yanaanza kukimbia.

Nikawarekodi, nikaiacha programu inyooshe kila kofi, nikawawekea wasikilize.

Wakatazamana.

Mwalimu wao akatabasamu kwa adabu: "Wanaimba vizuri, mwanangu. Hiyo ni kwaya ya wapi?"

Nimeifuta programu.

Maproducer wa Kasulu na Kibondo, programu ipi inawaacha watu wakimbie na makofi yao? Jibuni haraka, wako hapa nje na makofi yameshaanza.