Ua Lililonuswa

Binti yangu alikiacha Kiswahili akiwa na miaka minne. Nikimwambia aje kula, ananijibu kwa Kiingereza. Akinikasirikia, kwa Kizulu cha baba yake. Hayo niliyameza. Baba yake ndiye aliyekuwa mkimbizi wa siasa akarudi kwao, nami nikamfuata kutoka Tanga. Mfuata nyuki hakosi asali, waliniambia. Asali yenyewe ikawa mtoto asiyetaka kusema nami.

Lakini siku niliyomsikia akisema Kitamil, moyo uliniwaka moto.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa La Rochelle, huku kwao baba yake, mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezwa hukuhuku, baridi inaanza kuondoka. Jirani yetu alikuwa bibi mjane wa Kitamil, mzaliwa wa hukuhuku, na mtaa mzima ulimwita Aya, kama Watamil wa huku wanavyowaita bibi zao. Asumini yake ilifunika uzio wote. Asubuhi akiita, "Puu parika vaa!" yaani njoo tuchume maua, binti yangu, ambaye mimi humwamsha kwa kumvuta mguu, anakuwa keshaoga, kavua ndala, yuko uani kwa watu.

Akirudi ananihadithia, kwa Kiingereza chake. Huchumi kabla ya kuoga. Lililoanguka chini halipelekwi kwa mungu. Usiuache mti uchi. Tumba changa lina jina lake, lililotuna lina lake, lililochanua lina lake, na yote matatu aliyataja kwa Kitamil huku mimi nakoroga uji. Nikainua mwiko.

"Na hiki kinaitwaje kwa lugha ya mama yako?"

"Spoon," akasema.

Mtu mzima kumwonea wivu bibi kizee ni aibu, najua. Nilimwonea hasa. Mimi ni mtoto wa asumini! Mama yangu alifunga vikuba, vile vishada vya asumini vya kubana kifuani, vya maharusi wa mtaa mzima. Nani wa kunifundisha mimi ua?

Jumamosi moja nikaenda nao. Kuoga nilioga, ndala nilivua. Nilichuma upesi kuliko wote wawili, makusudi, ili mtoto anione. Kikapu kilipojaa nikakipokea, nikazamisha pua ndani, nikavuta harufu mpaka macho yakafumba, kama afanyavyo kila mwanamke wa kwetu.

"Mama, no!"

Ua la mungu halinuswi. Ukilinusa umeshakula wewe, na mungu hapewi makombo. Kikapu kizima kiliharibika. Binti yangu alijifunika uso kwa viganja, akamwomba Aya radhi kwa niaba yangu, kwa Kitamil. Hapo ndipo nilipotamani kung'oa uzio ule.

Aya alicheka. "Eish, basi leo mungu atafunga," alisema kwa Kiingereza. "Haya sasa ni yako."

Akaniletea uzi. Nilikaa kwenye ngazi nikafunga kikuba, nikambana nacho binti yangu kifuani kwa pini. Alikinusa. Akanusa tena. Aliniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia bibi yake, na akamtazama Aya. "Bibi yako wa Tanga," nikasema kwa ukali.

Nilipoinua kichwa nilimkuta Aya anatuangalia. Wajukuu zake walikuwa wanakaa mbali kidogo, Midrand. Sikukuu ikifika walikuja na kukaa garini na simu zao.

"Huyu wako ukimgombeza kwa lugha yako anaelewa," alisema polepole. "Wangu nikiwagombeza wanacheka."

Jicho lile nililijua. Nilikuwa nalo mimi kila asubuhi dirishani, nikiwatazama wakichuma.

Kesho yake wito ukaja kama kawaida. Binti yangu alitoka mbio na kikuba chake kilichonyauka, halafu akarudi mlangoni.

"Mama, njoo," akasema. "Lakini usinuse."

Nilisimama na mwiko mkononi. Kiswahili chake cha kwanza baada ya miaka yote ile, na alikitoa ili kulinda maua ya mwenzangu.